Paka dume amehasiwa, sasa anakojoa kwenye zulia: anzia hapa

Mkuu, umesema dume wako kahasiwa wiki mbili zilizopita na sasa beseni la mchanga haligusi, anamalizia kwenye zulia na godoro. Kabla hujabadilisha chochote, mvizie umwone anavyokojoa.

Akichuchumaa kila mara, analia, anajilamba uume na yanatoka matone tu au damu, huyo kaziba. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno, ute na chembe za madini zinatosha kuiziba. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, maana siku moja au mbili bila kukojoa zinatosha kumuua. Panadol usimpe kabisa, ni sumu kwa paka.

Akisimama, mkia juu unatetemeka, anarusha ukutani au kwenye pazia, hapo anaweka alama. Homoni haziishi siku ya kuhasiwa, mpe kama wiki sita. Kama kuna paka shume anapita dirishani usiku, ziba kioo sehemu ya chini wasionane.

Akichuchumaa vizuri na kumwaga mkojo wa kutosha, basi mara nyingi tatizo ni beseni. Kidonda kilipokuwa kibichi mchanga ulinata na kumuuma, na yeye lawama kalitupia beseni. Usimshike kwa nguvu umtie humo, utaongeza chuki. Nunua beseni lingine la kufulia, pana, lenye urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake, uliweke kona nyingine, mbali na chakula na mlango unaopigwapigwa. Kwa kidonda ambacho hakijafunga, tumia magazeti yaliyochanwa. Kikifunga, anza kuchanganya mchanga kidogo kidogo hadi ufike kina cha sentimita 5 hivi.

Mchanga wa ujenzi unafaa ukiuchekecha na kuuanika. Maranda ya mafundi seremala wa Keko, hapa Dar, ni mepesi na bei yake haiumi, ila chukua ya mbao isiyopakwa dawa, na vumbi lake laini liache hukohuko. Toa uchafu asubuhi na jioni, kwa joto la Dar harufu haisubiri. Ukiwa na paka wawili, weka mabeseni matatu.

Zulia: gandamiza kitambaa kikavu kinyonye mkojo, usisugue. Mwagia siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, subiri dakika 15, kausha, kisha pitisha sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzymes) na usuuze. Jik achana nayo, ikikutana na mkojo inatoa hewa ya sumu. Dettol pia hapana, paka anaikanyaga halafu anailamba miguuni. Godoro likishanyonya hadi ndani, lianike juani, kisha livalishe turubai chini ya shuka.

Na kama analishwa dagaa wakavu tupu, waloweke, mwaga maji ya chumvi, kisha wachemshe umpe na supu yake. Paka aliyehasiwa hunenepa upesi, punguza chakula kama robo.

Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, omba kipimo cha mkojo. Mwachie beseni tupu lililosuuzwa vizuri, vuta mkojo kwa sirinji mpya isiyo na sindano, uufikishe ndani ya saa chache. Ukichelewa, uweke kwenye friji.