Je, kumwekea mtoto akiba ya chuo kikuu ni kukosa tawakkul (kumtegemea Mwenyezi Mungu)?

SWALI: Assalaam alaykum Ustadh. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Kaloleni, Kisumu, na ninauza omena Kibuye. Binti yangu ana miaka minane. Tangu mwaka jana ninamwekea shilingi 50 kila siku, ziwe karo yake ya chuo kikuu. Mume wangu, ambaye ni mtu wa boda, alisikia mawaidha kwamba kumwekea mtoto pesa za miaka kumi ijayo ni kumshuku Mwenyezi Mungu, kwa kuwa kila mtoto huja na riziki yake. Sasa ananiambia niache, pesa zitumike nyumbani. Je, ninakosea? Tena kuna wakala wa bima ya elimu anayenifuata sokoni. Nimkubalie?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Hukosei. Ningeweza kuishia hapo, lakini swali lako limenifika wiki ambayo tulimsimamisha kijana mbele ya safu baada ya sala ya Ijumaa. Alishika barua ya kujiunga na chuo, imekunjwa mara nne hadi mikunjo inaanza kuchanika. Baba yake alibaki nyuma kwenye rafu ya viatu, macho chini. Tulichanga shilingi 11,400, hazikufika hata nusu ya alichohitaji. Baba yule simlaumu, maradhi yalimmaliza nguvu. Ila kila mwaka msimu huu nawaona wazazi wazima, wenye kazi, wakija na barua kama ile kana kwamba mtoto amezaliwa juzi akiwa na miaka kumi na minane. Ndiyo maana mawaidha aliyoyasikia mumeo yamenikera.

Aya wanayoisoma watoa mawaidha hao ni ya haki: hakuna kiumbe katika ardhi ila riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu (Hud, 6). Nani anabisha? Lakini Mtume (S.A.W.) alipotupigia mfano wa tawakkul alitaja ndege, akasema wanatoka asubuhi wakiwa na njaa na kurudi jioni wameshiba. Wanatoka. Ndege aliyekaa kiotani akingoja hakutajwa.

Kisha huleta hadithi ya swahaba Anas, kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akiweka kitu cha kesho. Imo katika kitabu cha hadithi cha Tirmidhi. Ajabu ni kwamba hawaisomi pamoja na ile ya Umar iliyo katika kitabu cha Bukhari: Mtume alikuwa akiuza tende za Banu Nadhir na kuwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka mzima. Wanavyuoni wamezioanisha zamani. Kwa nafsi yake hakujilimbikizia. Kwa wale walio chini ya dhamana yake aliweka. Na binti yako yuko chini ya dhamana ya nani, kama si yenu wawili? Mtu akitaka zuhudi, yaani kujinyima anasa za dunia, aanze na sahani yake mwenyewe, asianze na karo ya mwanawe.

Najua watajibu: huo ni mwaka mmoja, si kumi. Basi wafungue Suratu Yusuf. Nabii wa Mwenyezi Mungu aliwaambia watu wa Misri walime miaka saba mfululizo, na wanachovuna wakiache katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kwa ajili ya miaka saba ya shida itakayofuata. Hiyo ni mipango ya miaka kumi na minne, tena yenye maelezo ya jinsi ya kuhifadhi nafaka. Yusuf (A.S.) alikosa tawakkul?

Aya ya wanaolimbikiza dhahabu na fedha (Tawba, 34) nayo huvutwa hapa kwa nguvu. Ibn Umar, mwana wa Umar, aliulizwa kuihusu, akasema kwamba mali inayotolewa zaka haihesabiwi kuwa ni hiyo iliyolimbikizwa. Kwa hiyo kazi yako ni kujua hesabu. Shilingi 50 kwa siku ni 18,250 kwa mwaka, na kwa miaka kumi ni 182,500. Zikifika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na mwaka ukapita, zitolee asilimia mbili na nusu, hata kama ni za karo. Ukipima kwa fedha, gramu 595, utafika mapema kuliko kwa dhahabu, gramu 85.

Wale wanaosema serikali italipa, wanakumbuka enzi ya karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Tangu mfumo mpya wa 2023 kila familia inapangiwa sehemu yake kwa kadiri ya kipato, na ubishi wake umefika mahakamani. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, nao una riba ya asilimia 4. Mwanafunzi aliyebanwa ana maelezo yake siku nyingine, lakini mzazi mwenye miaka kumi mbele yake amepewa nafasi ya kumwepusha mwanawe na mlango huo. Swahaba Sa'd bin Abi Waqqas alipotaka kutoa theluthi mbili za mali yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwaacha warithi wake wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono. Kijana wa Ijumaa iliyopita alinyoosha mkono mbele yangu, nami sijasahau.

Sasa kuna jambo hukuliuliza. Hizo pesa ni za nani? Ukishamwambia binti, "Hizi ni zako," na ukamtengea, umempa hiba, yaani zawadi iliyo mali yake, na mdogo wake akiugua huwezi kuzichota hivi hivi. Zikibaki zako na wewe ukafa, zinaingia mirathi, na huwezi kumwusia, kwa kuwa hakuna wasia kwa mrithi. Kisha una mtoto wa pili. Baba yake Nu'man bin Bashir alimpa mwanawe mmoja zawadi, na Mtume akakataa kuwa shahidi, akasema mcheni Mwenyezi Mungu na mfanye uadilifu baina ya watoto wenu. Kwa hiyo, maadamu uko hai na una nguvu, ziweke kwa jina lako kwa nia ya elimu ya wote wawili, uandike kwenye daftari, na mtu mmoja unayemwamini ajue. Ukiona ni salama zaidi kuwapa kabisa, wape sawa.

Wala usiziache zikalala. Umar (R.A.) aliagiza mali za mayatima zifanyiwe biashara zisije zikaliwa na zaka. Watu wa huku hununua mtamba wakamfugisha kwa jamaa kijijini, au mbuzi, na ni njia nzuri ikiwa jamaa huyo ni mwaminifu. Chama cha kuzungushiana hakina neno. Chama kinachokopesha kwa asilimia kumi kwa mwezi na kugawana faida Desemba ni riba, hata kama wanachama wote wanavaa buibui. Benki za Kiislamu zimekuwa Kenya tangu 2008, na akaunti ya kawaida ya mudharaba, ambayo benki hufanyia biashara pesa zako na mkagawana faida, inakutosha.

Wakala wa bima mwambie hapana. Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah, baraza la wanavyuoni wa sheria ya Kiislamu, mwaka 1985 iliiharamisha bima ya kibiashara na kuhalalisha ile ya kusaidiana, takaful. Mustafa az-Zarqa, mwanachuoni mkubwa, alikuwa na rai tofauti, nami simtukani anayemfuata. Ila mama wa sokoni ambaye wiki mbili za mvua humkatiza biashara, akishindwa kulipa michango hupoteza sehemu ya alichoweka. Hilo peke yake linatosha.

Kuhusu mumeo: pesa ya omena ni yako, na matumizi ya nyumba ni juu yake. Hawezi kukulazimisha. Lakini usiifanye vita. Inawezekana hayo mawaidha yamemfikia siku ambayo hakuleta kitu, na neno "riziki iko kwa Mungu" likampoza moyo. Mke wa swahaba Ibn Mas'ud aliambiwa na Mtume (S.A.W.) kumsaidia mumewe kuna ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Siku akikwama mafuta ya pikipiki, mpe ya mafuta kutoka faida ya siku hiyo, usiguse ya watoto. Kisha jioni moja, akiwa ameshakula, mfungulie daftari umwonyeshe ukurasa wa kwanza, na umwombe yeye ndiye aandike shilingi 50 za siku hiyo kwa mkono wake.

Wallahu aalam.