Wakala Aliyemezwa na Ini

SWALI: Natafsiri makala ya sayansi kuhusu chembe ndogo mno za chuma na dhahabu zinazodungwa mwilini ili viungo vionekane vizuri kwenye picha za MRI (zinazopigwa kwa sumaku) na CT (zinazopigwa kwa eksirei). Nimeandika "mawakala wa utofautishaji wa nanochembe". Mhariri wangu anataka "chembenano". Nani yuko sahihi?

JIBU: Hilo la nano nalimaliza haraka, maana kidonda hakipo hapo. Nano ni Kigiriki, asili yake mbilikimo, na katika vipimo ni sehemu moja ya bilioni, hivyo nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe hizi kwa kawaida huwa na upana wa nanomita 1 hadi 100. Kiswahili hutanguliza kinachoelezwa, ndiyo maana tuna mwanamaji wala hatuna majimwana. Mhariri ameshinda, ingawa mimi ningeandika "chembe za nano" nikalala.

Ila hao mawakala!

Wakala wa bima namjua. Wakala wa meli namjua. Neno ni la Kiarabu, ndugu yake wakili na wakilisha, na maana yake haijapotea: ni aliyepewa mamlaka atende kwa niaba ya mwingine. Ana ofisi, ana kamisheni, na ukimdhulumu atakushtaki. Sasa niambie, punje ya oksidi ya chuma imetumwa na nani? Watafsiri wetu wamekariri kwamba neno la Kiingereza "agent" lina jibu moja tu, basi sabuni imekuwa "wakala wa kusafisha" na vijidudu "mawakala wa maradhi", kana kwamba kipindupindu kimefungua tawi.

Sarufi nayo inaumbuka. Wakala yumo katika ngeli ya a-/wa-. Ifuate uone: "Wakala alidungwa kwenye mshipa, akasafiri na damu hadi kwenye ini, akamezwa na seli." Hiyo ni taarifa ya polisi. Au hii: "Mgonjwa alipewa wakala, baada ya dakika chache akatapika." Katapika nani? Na "wakala alitoka kwa njia ya mkojo" sitaigusa kabisa. Wajanja hukwepa kwa kuandika "wakala hii ilidungwa", yaani wanavunja sarufi ili kuinusuru tafsiri mbovu.

Andika "kitofautishi". Kimeundwa kama kiunganishi, kimekaa katika ki-/vi- pamoja na vitu wenzake, na hakidai kamisheni. Unapozungumza na mgonjwa, sema "dawa ya kutofautisha". Atatokea mtu aulize ni dawa gani isiyoponya. Mwulize dawa ya viatu inaponya nini, kisha mwulize panya kuhusu dawa yake.

Wapo wanaopenda "king'arishi". Neno tamu, lakini linadanganya. Chembe za oksidi ya chuma kwa kawaida hutia giza kwenye MRI: seli za Kupffer, yaani seli za ini zinazomeza uchafu, huzimeza, sehemu yenye afya ikawa nyeusi, na uvimbe usio na seli hizo ukabaki mweupe. Daktari anauona uvimbe kwa sababu majirani wake wamezimika. Dhahabu kwenye CT hufanya kinyume, inang'aa, kwa kuwa atomi yake, namba 79, ni nzito kuliko ya iodini, namba 53, na huzuia eksirei vizuri zaidi. Kutofautisha kunabeba giza na mwanga pia; kung'arisha hakubebi.

Wanaosema "rangi" nimechoka kugombana nao. Picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe, lakini angalau rangi haina kitambulisho cha kazi.

Ukikuta gadolini, metali nyingine ya kutofautishia picha, katika makala yako, angalia vizuri. Ile iliyozoeleka kwenye MRI si chembe za nano, ni ayoni mojamoja zilizofungwa ndani ya molekuli. Iite kitofautishi tu. Mhariri mwachie chembenano yake, na mawakala uwafute wote.