Windows 7 haijafungwa, imeachwa tu

Mkuu, umeuliza kama kompyuta ya duka lako yenye Windows 7 (mfumo wa zamani wa Microsoft unaoendesha kompyuta) itazimwa, maana kuna mtu anakwambia ununue mpya. Hakuna tarehe ambayo Windows 7 itagoma kuwaka. Kilichokwisha 14 Januari 2020 ni masasisho ya bure ya usalama kutoka Microsoft; kampuni zilizolipia ziliongezewa hadi Januari 2023, basi. Huyo anayekwambia duka halitafanya kazi bila kompyuta mpya, anauza kompyuta.

Natengeneza mashine za maduka ya kutoa kopi hapa Moshi, na kadhaa zimebaki na Windows 7 kwa sababu ya printa tu: ya zamani, nzima kabisa, ila draiva yake (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa) haikutolewa tena kwa Windows za baadaye. Kuchapa barua na kutoa kopi, haina neno.

Shida iko kwenye intaneti. Toleo la mwisho la Chrome (programu ya kufungulia kurasa za intaneti) kwa Windows 7 ni la 109, la Januari 2023, kwa hiyo kuna kurasa zitafunguka nusunusu na nyingine zitagoma. Usiingie benki wala barua pepe kwa mashine hiyo. Flashi za wateja (za wanachuo ndizo balaa) zipitishe kwanza kwenye kompyuta nyingine yenye kinga ya virusi.

Windows 10 nayo masasisho yake ya kawaida yalikoma 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usilipie fundi akuwekee hiyo. Kama RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta) ni giga 4, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi, uone printa inaitika, kabla hujafuta chochote.