Mkanda wa usalama pekee hautoshi kwenye paa la nyumba ya chini

Dada, umeuliza kama mkanda wa usalama aliopewa mdogo wako kwa kazi ya kuezeka huko Bamburi, Mombasa, unatosha. Mimi ni fundi wa mabati, nimeezeka Likoni, Kisauni, Changamwe. Kwa nyumba isiyo na ghorofa, hautoshi.

Fanya hesabu. Kamba ya mkanda mara nyingi ni mita 1.8, na kile kipande chake cha kupunguza kishindo kikifumuka huongeza mita moja hivi. Ongeza mita 1.5 za mwili kutoka mgongoni hadi miguuni. Imepita mita 4 tayari, na ukingo wa paa la nyumba ya chini huwa kwenye mita 3 hivi. Atagonga ardhi kabla kamba haijamshika sawasawa. Inayofaa ni kamba fupi, ifungwe kwenye trusi, ile fremu inayobeba paa, au bimu ya zege, isimfikishe ukingoni kabisa. Wala asiifunge kwenye pau, ule ubao wa kupigilia mabati, maana pau imeshikwa na misumari tu. Afadhali zaidi ni jukwaa lenye reli kuzunguka nyumba. Hilo ndilo la kumdai kontrakta kwanza.

Kusi ikivuma, bati la mita 3 mkononi ni tanga. Vijana huling'ang'ania wakiogopa kukatwa pesa. Mwambie aliachie, mradi chini pasiwe na mtu.

Ninachokiogopa zaidi ni mapaa ya zamani: bati lililoliwa na chumvi ya bahari, asibesto, na zile shiti za plastiki za kuingiza mwanga. Zikipigwa na jua miaka mingi huchakaa na kushika vumbi, huwezi kuzitofautisha na bati. Mwenzangu alikanyaga moja katikati ya paa la ghala Changamwe, mbali kabisa na ukingo, akatua sakafuni. Uti wa mgongo ulivunjika, hadi leo hatembei. Tena watu walimbeba mikono na miguu wakamkunja ndani ya tuktuk. Nakuomba sana, aliyeanguka asinyanyuliwe hivyo. Aachwe alale palepale, kichwa na shingo vishikwe visitikisike mpaka ambulensi ifike.

Familia yake ilipewa pesa kidogo za pole ikanyamaza, na hili bado linaniuma. Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa ofisi ya usalama na afya kazini ndani ya siku 7, na dai la fidia lipelekwe ndani ya miezi 12. Kibarua naye ni mwajiriwa. Wao walikuja kujua muda umeshapita.

Kwa hiyo kabla hajapanda, mdogo wako ajue jina kamili la anayemwajiri, si la nyapara tu. Na asifute jumbe za M-Pesa za malipo yake. Akiwa hana barua ya kazi, hizo zitasaidia kuonyesha alikuwa akimfanyia nani kazi.