Mbwa Wasiofungwa Njiani na Namna ya Kuzungumza na Wenye Mbwa

Wenzangu mnaotembea au kukimbia asubuhi katika mitaa ya Dodoma, bila shaka mmewahi kuambiwa kutoka upande wa pili wa geti: “Usiogope, huyo haumi.” Anayesema hivyo mara nyingi ana nia njema, kwa kuwa amemlea mbwa huyo tangu akiwa mtoto na hajawahi kumwona akimuuma mtu wa nyumbani. Lakini mimi si mtu wa nyumbani, na mbwa analijua hilo. Mbwa huyo huyo anayelamba mikono ya watoto wanaomlisha anaweza kumrukia mpita njia aliyebeba ndoo kichwani, aliyevaa kofia pana au anayekimbia, na hilo si la kushangaza kwa sababu amefugwa ili alinde. Kwa hiyo usiyategemee maneno hayo, wala usiyajibu kwa matusi. Mwombe mwenye mbwa, kwa sauti ya kawaida, amwite na amshike, kisha usubiri pale ulipo mpaka ashikwe.

Mimi hutembea kila asubuhi kwa ajili ya presha, na kwa niliyoyaona katika mitaa ya Nkuhungu, Ilazo na Kisasa, anayetusumbua zaidi si mbwa koko. Mbwa koko amezoea kufukuzwa, na ukimkaribia hujiondokea. Anayetisha ni mbwa mwenye kwake. Katika nyumba nyingi mbwa hufungiwa bandani mchana kutwa, hufunguliwa usiku azunguke uani, na alfajiri geti linapofunguliwa ili gari litoke, naye hutoka. Saa hiyo, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, ndiyo watoto wanakwenda shuleni, akina mama lishe wanabeba vyombo vyao, na sisi wa mazoezi tuko barabarani. Katika mtaa wetu kuna geti moja la bati ambalo, kabla komeo halijavutwa, unaona kwanza pua na kucha za miguu ya mbele zikichimba vumbi kwenye uwazi wa chini. Nikiziona huvuka upande wa pili wa barabara mapema. Kila mtembeaji anapaswa kuyajua mageti ya njia yake kwa namna hiyo.

Mbwa akikujia, usikimbie. Najua ni rahisi kuandika kuliko kutenda, lakini kukimbia huamsha tabia yake ya kufukuza, na hakuna binadamu anayeweza kumshinda mbwa mbio. Simama, mgeuzie ubavu, weka mikono karibu na mwili, na usimkazie macho, kwa sababu kwake kukaziwa macho ni kuchokozwa. Angalia dalili zake: manyoya yaliyosimama mgongoni, mwili uliokakamaa, midomo iliyoinuka hadi meno yakaonekana. Mkia unaotikisika si ushahidi wa urafiki, hasa ukiwa umeinuliwa juu na unatikisika kwa ugumu. Akisimama, rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Akizidi kuja, weka kitu kati yako na yeye, kama mfuko, mwavuli, koti au baiskeli, na akiuma, aume hicho. Ukiangushwa, jikunje, ficha uso, funika shingo na masikio kwa mikono, na usipige kelele.

Wengi huinama kama wanaookota jiwe, na ni kweli kwamba mbwa wengi wa mitaani wakiona hivyo hukimbia. Siipingi mbinu hiyo kwa mbwa aliye mbali. Kwa mbwa aliyekwisha kukufikia siishauri, kwa kuwa unapoinama unamsogezea uso wako, na jiwe likimpata humwongezea hasira, na pia huanzisha ugomvi na mwenye mbwa ambaye pengine angekusikiliza. Mimi hubeba fimbo nyepesi. Sijaibeba ili nipige. Naielekeza chini mbele yangu ili mbwa asipite umbali ninaoutaka.

Kuna mbwa wa aina nyingine ukitoka nje ya mji, kuelekea Ntyuka au kwenye makorongo yanayotumiwa na wachungaji, ambao nao wanahitaji heshima yao. Mbwa wa mchungaji yuko kazini. Usipite kati yake na mbuzi, na usiwakimbilie mbuzi ili kuwapisha. Simama mbali, mwite mchungaji, msalimie kwa “Mbukwenyi” kama ilivyo desturi ya Wagogo, na umwombe akupitishe. Mara nyingi ni kijana mdogo, naye humtuliza mbwa wake kwa neno moja.

Ukiumwa, au hata ukikwaruzwa kwa jino, au mate ya mbwa yakiingia kwenye kidonda, mambo mengine yote yasubiri. Osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, bila kupaka majivu, mafuta ya taa wala dawa ya mitishamba. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Si kila zahanati huwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo ni vyema kupiga simu au kwenda moja kwa moja kwenye hospitali kubwa. Sindano hutolewa kwa siku tofauti, na zote ni lazima zikamilike hata kama jeraha limepona, isipokuwa daktari mwenyewe aamue kuzisitisha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufariki, ilhali chanjo ikitolewa kwa wakati humwokoa. Dalili zenyewe zinaweza kuchukua wiki au miezi kujitokeza, na ndiyo maana mtu hudanganyika kwamba amepona. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Mwambieni mtoto wenu kwamba hatagombezwa akisema ameumwa, maana wengi huficha kwa kuogopa kwamba walimchokoza mbwa.

Msimuue mbwa huyo kwa hasira. Kama anaonekana mzima, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10 chini ya usimamizi wa afisa mifugo, kwa sababu akimaliza siku hizo akiwa hai na mzima, inajulikana kwamba siku aliyouma hakuwa akiambukiza, na daktari anaweza kuamua kusitisha sindano. Mbwa aliyeuawa na kutupwa korongoni huondoka na jibu hilo. Hata hivyo, usizisubiri siku hizo 10 ndipo uanze matibabu.

Sasa nije kwa mwenye mbwa. Usiende kwake ukiwa bado unatetemeka, na usimkabili mbele ya wageni au watoto wake. Nenda jioni, piga hodi, msalimie kwa heshima inayolingana na umri wake, kisha ueleze tukio: siku, saa, mahali, na alichofanya mbwa. Nilipokwenda kwa mzee mmoja wa mtaa wetu nilimwambia, “Shikamoo baba, nimekuja kwa habari ya mbwa wako, si kwa ugomvi.” Alisikiliza. Sikumwambia amwondoe mbwa. Nilimwomba jambo moja, kwamba kijana anayefungua geti amfunge mbwa kwanza ndipo atoe gari. Ombi dogo la namna hiyo hutekelezeka, na kwa mzee yule lilitekelezwa. Ukimwambia mtu “mdhibiti mbwa wako,” atakuitikia ndiyo na hakuna kitakachobadilika, kwa sababu hajui aanzie wapi. Uliza pia kama mbwa amechanjwa na uombe kuona kadi yake, na ukiuliza kwa upole hakuna atakayeona umemtukana.

Wapo wasiosikia. Jirani mwingine alinijibu kwamba barabara si yangu. Kwa mtu kama huyo usirudi peke yako mara ya tatu. Nenda kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mtendaji, ukiwa na majirani wengine waliosumbuliwa na maelezo yaliyoandikwa, na umhusishe afisa mifugo wa kata. Ninachokikataa kabisa ni nyama ya sumu inayotupwa usiku. Ni ukatili unaokatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na nyama hiyo inaweza kuokotwa na mtoto.

Nanyi mnaofuga, nawaomba kama jirani. Katika mji huu wapo watu wengi wanaokwenda msikitini alfajiri, na mate ya mbwa yakigusa kanzu humlazimu mtu kurudi nyumbani kujitoharisha, kwa hiyo hata mbwa mpole anayenusa na kulamba anamkosesha mtu swala ya jamaa. Mtoeni mbwa akiwa na mkanda shingoni na kamba fupi iliyo mkononi mwa mtu mzima, si mtoto anayeburutwa. Mchanjeni kila mwaka. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kuenea. Na mzoesheni kamba tangu akiwa mdogo, dakika chache kila siku uani, kwa sababu mbwa wengi hukosa chanjo siku inapotangazwa katani kwa sababu hiyo tu: hawajawahi kuvaa kamba, na hakuna mtu nyumbani anayeweza kuwafikisha.