Kwa nini 7 Julai?

Ndugu, umeuliza kwa nini Siku ya Kiswahili Duniani ikaangukia 7 Julai. UNESCO waliipitisha Novemba 2021, tukaanza kuiadhimisha 2022. Chimbuko lake ni 7 Julai 1954, chama cha TANU kilipozaliwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere na wenzake walidai uhuru kwa Kiswahili, mtu wa Songea na wa Mwanza wakaelewana bila mkalimani. Siku hizi ukitaja Sabasaba hapa Dar, wengi wanawaza foleni ya Barabara ya Kilwa na maonyesho ya biashara tu, na hilo linaniuma. Wakenya nao wana Sabasaba yao: 1990, walipoelekea uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi wakakutana na mabomu ya machozi.