Daktari wa Mifugo Anajibu: Jicho la Doto limeponzwa na sikio

SWALI: Shikamoo Bibi Daktari. Nina paka jike wa miaka mitatu, jina lake Doto. Mwezi mzima alikuwa akitikisa kichwa na kujikuna sikio la kushoto, mpaka likaanza kunuka. Wiki iliyopita nimeamka nikakuta macho hayafanani. La kulia mboni kubwa, la kushoto mboni ndogo, kope imelala, na utando mweupe umejitokeza kwenye pembe ya jicho upande wa puani. Jirani anasema jicho bovu ni la kulia, kwa kuwa ndilo limetoa mboni. Kijana anayezunguka mtaani kutibu mbuzi anasema utando ule ni nyama imeota, atautoa kwa wembe kwa shilingi elfu kumi. Jicho bovu ni lipi, na nimruhusu? – Mama Doto, Muheza.

JIBU: Marahaba mwanangu. La wembe kwanza: hapana. Ule utando si nyama iliyoota. Ni kope ya tatu, na kila paka anayo. Siku zote hukaa imejificha pembeni, sasa imetoka kwa sababu kilichokuwa kikiizuia kimelegea. Ukiukata, umemnyang'anya paka kinga ya jicho, na ugonjwa umeuacha palepale ulipo.

Jicho bovu ni la kushoto, lile dogo. Tena hata hilo lenyewe halina ubovu. Neva yake ndiyo imeumia, na nadhani imeumia sikioni.

Leo usiku mchukue Doto chumbani, zima taa, subirini dakika moja au mbili. Kisha washa tochi ya simu uielekeze ukutani, upate mwanga hafifu tu wa kumwonea. Ukiona mboni ya kulia imefunguka hadi karibu kulijaza jicho na ya kushoto imebaki ndogo, umepata jibu: ya kushoto imeshindwa kufunguka. Sasa mmulike usoni. Zote mbili zitabana, na tofauti itapungua. Jicho la kulia lingekuwa ndilo bovu, lingebaki limetoa macho hivyohivyo hata kwenye mwanga, na hapo tofauti ingeongezeka.

Sababu ni hii. Lile duara la rangi linaloizunguka mboni linaitwa irisi. Ndani yake mna misuli miwili midogo mno. Mmoja umezunguka mboni kama uzi wa mdomo wa mfuko. Ukikaza, tundu linabana. Wa pili umejipanga kama spoki za baiskeli. Ukivuta, tundu linafunguka. Ndivyo ilivyo kwa paka, mbwa, ng'ombe, hata kwako wewe. Kila msuli una neva yake, na neva hizo hazipiti njia moja.

Neva ya kubana ina safari fupi. Inatoka kwenye shina la ubongo ikiwa ndani ya neva ya tatu ya fuvu, inapumzika kwenye fundo dogo nyuma ya jicho, kisha inaingia. Neva ya kufungua ndiyo kichekesho. Ni kama mtu wa Muheza anayekwenda Tanga mjini akaamua kupitia kwanza Korogwe. Amri inaanzia ubongoni, inateremka ndani ya uti wa mgongo, inapita shingo yote hadi kifuani, inatokea kwenye mbavu za mwanzo, halafu inageuka na kupanda tena shingoni pamoja na mshipa mkubwa wa damu. Inabadilisha gari kwenye fundo lililo chini ya sikio, inakatiza ndani ya sikio la kati, ndipo inafika jichoni.

Mfaransa mmoja, François Pourfour du Petit, aliionyesha njia hiyo mwaka 1727. Wakati ule neva ile ya shingoni ilidhaniwa inashuka kutoka kichwani. Yeye aliikata kwenye shingo za mbwa, na macho yao yakabadilika. Maana yake neva ilikuwa inapanda. Lakini jina la hali hii amepewa Horner, daktari wa macho wa Uswisi, aliyeieleza kwa mgonjwa wake mwanamke mwaka 1869. Mbwa wa Petit wamesahauliwa.

Neva hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuinua kope ya juu, kulishikilia jicho lisizame ndani, na kuizuia kope ya tatu isitoke. Ikizimika, vyote vinalegea kwa mkupuo. Ndiyo maana Doto ana mboni ndogo, kope iliyolala na utando, na ukimtazama vizuri utaona jicho limerudi ndani kidogo. Kwa paka, neva hii inapita karibu sana na uwazi wa sikio la kati, kiasi kwamba hata kumwosha sikio kwa nguvu kunaweza kuiumiza. Sembuse usaha wa mwezi mzima.

Nakueleza kwa urefu kwa sababu na mimi nilikosea. Mwaka wangu wa pili kazini niliandika dawa ya macho kwa paka wa mama mmoja, wiki tatu nzima, asubuhi na jioni. Yule mama alikuwa na subira kuliko mimi. Siku ya mwisho ananiuliza, "Na hili sikio linalonuka, daktari?" Nilitamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo mpeleke Doto kwa daktari wa mifugo, mwambie habari ya sikio kabla ya jicho. Atachungulia ndani kuona kama ngoma ya sikio imetoboka au kuna kinyama, maana paka huota vinyama huko. Anaweza pia kumtia machoni matone ya fenilefrini, dawa ya kufungua mboni, apime kama ni neva kweli. Msuli uliokosa neva kwa siku kadhaa huwa na njaa. Ukipata tone dogo tu, unafunguka haraka kuliko wa jicho zima. Wewe usimimine kitu sikioni kabla hajaangalia: si spiriti, si mafuta ya nazi, si matone ya binadamu. Dawa huwa ni ya wiki nyingi, na jicho linachelewa kupona hata baada ya sikio kukauka. Lakini akianza kuinamisha kichwa upande mmoja au kuzunguka kama amelewa, usingoje kesho; ugonjwa umeingia sikio la ndani.

Kijana wa mbuzi mpe chai, elfu kumi ubaki nayo.

SWALI: Mbwa wetu kagongwa na bodaboda, mguu wa mbele wa kulia anauburuta. Jicho la upande huohuo lina mboni ndogo. Aligongwa begani, jicho limeingiaje? – Msomaji, Pangani.

JIBU: Rudi kwenye ile safari ya kupitia Korogwe. Mahali neva ya kufungua mboni inapotokea kwenye uti, ndipo zinapotokea pia baadhi ya neva za mguu wa mbele. Bega likivutwa kwa nguvu, mizizi yote inanyofoka pamoja. Pole sana. Mboni hiyo inaniambia kwamba jeraha liko kwenye uti kabisa, si chini begani, na mguu wa namna hiyo mara nyingi haurudi. Mwone daktari, mzungumze kuhusu kuukata. Mbwa wa miguu mitatu hukimbia vizuri tu.

SWALI: Mdogo wangu alikuwa anang'oa mnanaha shambani, akajifikicha. Jicho moja mboni imekuwa kubwa, haibani hata kwa tochi. Amepofuka? Na kuku wetu walio shambani? – Mwanafunzi, kidato cha tatu.

JIBU: Mimi ni daktari wa wanyama, ila irisi ni irisi. Mnanaha una atropini, inayoziba masikio ya ule msuli wa kubana usisikie amri ya neva yake. Osheni jicho na mikono kwa maji mengi. Kwa siku kadhaa ataona ukungu akisoma na mwanga utamkera, kisha hali itarudi. Mpelekeni hospitali mkamwonyeshe, na mkimbie kama mdomo umekauka, mwili una joto au anaweweseka, maana hapo sumu imeingia mwilini. Mboni moja kubwa baada ya kugongwa kichwa ni habari nyingine kabisa. Hiyo haisubiri hata dakika.

Kuku hawatafanya macho hayo. Msuli wa irisi ya ndege ni wa aina ile ya misuli ya mapajani, na atropini haiufungui. Sisi tukitaka kuchungulia ndani ya jicho la kuku, matone ya paka hayatusaidii kitu.